Mchanga Usiokuwapo: Mwanafunzi wa Tamthilia Mbele ya Uigizaji wa Mwili

Tamthilia ya The Island huanza bila neno. Wafungwa wawili, John na Winston, wamo katika gereza la kisiwani, kila mmoja upande wake wa jukwaa, nao wanachimba mchanga. Kila mmoja huijaza wilbaro yake, huisukuma kwa taabu hadi pale anapochimba mwenzake, huumwaga mchanga hapo, kisha hurudi kwake na kukuta fungu jipya aliloletewa. Mchanga haupungui huku wala kule. Nao mchanga wenyewe haupo. Hakuna sepetu wala wilbaro. Ipo miili miwili, na pumzi zake, na miguno yake. Katika kitabu kilichochapishwa na Oxford University Press mwaka 1974, kazi hiyo yote ni maelekezo mafupi ambayo msomaji mwepesi huyapita kabla hajameza mate mara mbili. Jukwaani huchukua dakika nyingi, kiasi cha kuwafanya watazamaji waanze kujigeuza vitini, wakohoe, wadhani kwamba pengine pana kosa, kisha wanyamaze.

Kati ya mistari ile michache na dakika zile nyingi ndipo anaposimama mwanafunzi wa tamthilia katika idara za lugha. Amefunzwa kusoma. Anajua kutenga dhamira kuu na dhamira ndogondogo, anajua kuwapanga wahusika katika matabaka yao, anajua kueleza mgogoro unavyozuka na unavyotatuliwa. Apelekwapo kutazama onyesho ambalo ndani yake mwili ndio unaobeba mzigo, hutoka ameguswa kuliko alivyopata kuguswa na kitabu chochote. Lakini aketipo kuandika, kalamu yake hurudi kwenye njia ileile: ubaguzi wa rangi, ukatili wa dola, urafiki wa watu wawili katika dhiki. Mwishoni huongeza sentensi moja, kwamba waigizaji walitumia lugha ya mwili kwa ustadi mkubwa. Hiyo ndiyo sentensi pekee inayohusu jambo lililomgusa, nayo ndiyo tupu kuliko zote alizoziandika.

Si haki kumlaumu yeye peke yake. Uhakiki wa tamthilia katika Kiswahili ulilelewa darasani, mbali na ukumbi, na kwa muda mrefu umeitazama tamthilia kama riwaya ambayo majina ya wasemaji yameandikwa pembeni. Zilikuwapo sababu. Kumbi ni chache, vitabu ni rahisi kusafirisha kuliko waigizaji, na mtihani hauwezi kumwuliza mtahiniwa wa mbali habari za onyesho ambalo hakuliona. Jozi la fani na maudhui likatumiwa kwa kila utanzu bila kupimwa upya. Na katika tamthilia neno fani likaja kumaanisha methali, tashibihi, misemo na ufundi wa mazungumzo. Mwili wa mwigizaji haukupata mahali. Hasara yake ni kwamba mwanafunzi anaposhangazwa na kitendo, mshangao wake huhesabiwa kuwa jambo lake la faragha, kama mtu aliyefurahia chakula. Ilhali mshangao huo ni ushahidi. Unaonyesha kwamba ukumbini lilitendeka jambo ambalo maandishi peke yake hayakulitenda, na mhakiki hawezi kudai kwamba ameihakiki tamthilia kabla hajalitafuta jambo hilo na kulitaja.

Hata hivyo mshangao nao una udanganyifu wake. Utamaduni wa tamthilia ya mwili umekuja na mitindo, na mitindo huigwa upesi kuliko mawazo yaliyoizaa. Jacques Lecoq alifungua shule yake Paris mwaka 1956, akiwafunza waigizaji kuanza na mwendo kabla ya maneno. Huko Poland Jerzy Grotowski aliuliza ni vitu vingapi vinavyoweza kuondolewa katika tamthilia na bado tamthilia ikabaki: akaondoa mapambo, akaondoa taa za kupendeza, akaondoa rangi za usoni, mpaka akafika kwa mwigizaji na mtazamaji, ambao hawaondoleki. Kitabu chake cha mwaka 1968 kilisomwa na vijana wa nchi nyingi, wengi wao wakiwa hawajapata kumwona mwigizaji wake hata mmoja. Katika Uingereza ya miaka ya 1980 aina hii ya kazi ikapata jina lake na makundi yake. Kutoka hapo ikasambaa kama isambaavyo mishono ya nguo.

Afrika ya Mashariki pia imeupata mshono huo, na mahali pa kuutazama ni michezo ya wanafunzi. Watu wanne huinama na kuwa meza. Wawili husimama wakiwa wamenyoosha mikono na kuwa mlango; mgeni hubisha hodi kifuani mwa mmoja wao, naye mlango hujifungua, na ukumbi hucheka. Sita hupangana na kuwa matatu, na utingo huning'inia pembeni. Jambo hili hupendeza mara ya kwanza. Mara ya pili mtu huanza kuuliza kama mlango wa mbao haungefaa. Swali hilo ndilo kipimo chepesi kuliko vyote, na ni ajabu kwamba halifundishwi: ikiwa kitu chenyewe, kingeletwa jukwaani, kingefanya kazi ileile, basi mwili uliokiiga umetumiwa kwa kuwa kitu hicho hakikupatikana, au kwa kuwa mwelekezi alitaka kupigiwa makofi. Umaskini wa vyombo si aibu. Lakini si sanaa pia. Katika mchezo ambao mtumishi wa nyumbani amesimama usiku kucha akiwa mlango, na bwana wake anapita ndani yake bila kumtazama, mlango wa mbao usingefaa hata kidogo. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti ya milango hiyo miwili amekwisha kuanza uhakiki.

Mfano unaotajwa sana wa ubunifu wa jukwaani ni A Midsummer Night's Dream ya Shakespeare kama ilivyotolewa na Peter Brook huko Stratford mwaka 1970. Palikuwa na kuta 3 nyeupe badala ya msitu, na bembea zilizoning'inizwa juu. Mizimu ya msituni iliwanasa wapenzi waliopotea kwa nyaya zilizosokotwa. Ua la uchawi lilikuwa sahani inayozungushwa juu ya kijiti, ikihamishwa kutoka kwenye kijiti cha Puck hadi kwenye kijiti cha Oberon. Mwanafunzi anayeisoma habari hii huiorodhesha: walitumia bembea, walitumia nyaya, walitumia sarakasi. Orodha hiyo ni ya mwenye kuweka stoo. Jambo lenye maana katika sahani ile ni kwamba ingeweza kuanguka. Ua la karatasi lingemtaka mtazamaji aamini kuwa pana uchawi. Sahani ilimwonyesha watu wawili wakifanya jambo gumu mbele ya macho yake, na pumzi aliyoizuia ilikuwa pumzi yake ya kweli. Hatari ndogo ya kweli iliwekwa mahali pa uchawi mkubwa wa uongo. Hiyo haimaanishi kwamba kila bembea katika onyesho lile ilikuwa na hoja. Sarakasi ina tabia ya kujipenda, na maneno ya Shakespeare hayahitaji kila wakati kusemwa na mtu anayening'inia.

Hapo ndipo The Island inapotoa somo ambalo Stratford haiwezi kulitoa, kwa sababu mwili wake haukuchaguliwa kwa ajili ya kupendeza. Tamthilia hii ilitungwa na Athol Fugard pamoja na waigizaji wake John Kani na Winston Ntshona, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Cape Town mwezi wa Julai mwaka 1973. Ilionyeshwa kwa jina jingine, Die Hodoshe Span, jina ambalo halikukitaja kisiwa. Sheria za Afrika Kusini za wakati ule zilifanya kuwa kosa kueneza habari za magereza, na kwa hiyo watungaji wake hawakuweka mswada. Tamthilia ilihifadhiwa mahali ambapo polisi hawawezi kupekua: katika misuli na kumbukumbu za watu wawili. Msomi wa lugha anapaswa kutulia kidogo mbele ya jambo hilo. Amezoea kuamini kwamba andiko ndilo asili na onyesho ni kivuli chake. Hapa andiko lilikuja baadaye, likafuata nyayo za miili. Yale maelekezo mafupi yanayoeleza uchimbaji wa mchanga ni muhtasari wa jambo lililokwisha kutendwa mara nyingi mbele ya watu. Anayeyasoma kama maagizo yanayosubiri kutekelezwa ameigeuza historia ya kazi hii kichwa chini.

Habari za gereza lile zilitoka kwa watu waliofungwa humo. Kani na Ntshona walitoka katika kundi la Serpent Players la New Brighton, Port Elizabeth, ambalo mwaka 1965, likiwa katika matayarisho ya Antigone ya Sophocles, lilinyang'anywa mwigizaji wake na polisi. Kwa hiyo hata tamthilia iliyomo ndani ya tamthilia, ile Antigone fupi ambayo John na Winston wanajitayarisha kuwachezea wafungwa wenzao, haikuokotwa katika kitabu cha shule.

Kazi ya mchanga inafanya nini basi? Jibu la haraka ni kwamba inaonyesha mateso. Jibu hilo ni la kweli na halitoshi, kwa kuwa mateso yangeweza kusimuliwa. Ubora wa tendo hili ni kwamba linachanganya uongo na kweli kwa namna ambayo mtazamaji hawezi kuitenganisha. Mchanga ni wa uongo; jasho ni la kweli. Dakika za mwanzo mtazamaji anaangalia ufundi: jinsi mgongo unavyoupokea uzito usiokuwapo, jinsi mikono inavyotetemeka kidogo wilbaro inapoinuliwa. Muda unavyopita ufundi unasahaulika, kwa sababu mwigizaji amechoka kwa hakika. Anatweta kwa hakika. Kani na Ntshona walipoirudia tamthilia hii London mwaka 2000, wote wawili walikuwa wamepita miaka 55, na gereza lenyewe lilikuwa limekwisha kuwa makumbusho. Mchanga ulikuwa uleule wa hewa. Lakini mgongo uliouinua ulikuwa mgongo wa mtu mzima, na tofauti hiyo haimo katika neno lolote la kitabu.

Tena kuna ujanja mwingine. Adhabu hii imeundwa ili kila mfungwa awe mtesaji wa mwenzake. John hana adui mbele yake. Ana Winston, ambaye kila baada ya muda humletea mzigo. Askari, anayeitwa Hodoshe kwa jina la nzi wa kijani wa mizoga, haonekani kabisa. Kama tamthilia ingemleta jukwaani askari mwenye rungu, mtazamaji angemchukia askari na moyo wake ungetulia. Kwa kumwacha nje, chuki haina pa kutua. Mtazamaji anaona tu rafiki akimchosha rafiki, na anaelewa kwa macho, kabla ya kuambiwa na yeyote, jinsi utawala ule ulivyofanya kazi. Kisha kipenga kinalia, wanafungwa pingu pamoja, mikono kwa mikono na miguu kwa miguu, wanaamriwa kukimbia. Wanaanza kwa kuvutana, kila mmoja akimkwaza mwenzake, mpaka wanapata mwendo mmoja. Undugu wao wote umekwisha kuelezwa hapo, na bado hakuna aliyesema kitu.

Wapo wasomi wanaoogopa kwamba kuusifu mwili ni kulidharau neno, na kwamba idara ya lugha inayofunza kutazama miili imejiingiza katika shughuli ya watu wengine. Tamthilia hii ndiyo inayoiondoa hofu hiyo. Ukimya wa mwanzo unalifanya neno la kwanza lipokelewe kama maji. Wafungwa wanaporudi seli, wote wawili wameumia, na maneno yao ya mwanzo ni ya hasira na ya maumivu, yamekatikakatika, hayana uzuri wowote; lakini ukumbi mzima unayasikiliza kwa njaa. Na baadaye mambo yanageuka: neno linachukua kazi ya mwili. Usiku John anashika kikombe na kukifanya simu, anawapigia marafiki wa New Brighton, anauliza habari za huyu na yule, na Winston, aliyekuwa amelala hoi, anaruka na kumhimiza aulize zaidi. Katika dakika hizo seli haipo. Mwili umefungwa, na neno limetoka nje. Mtu hawezi kuipima nguvu ya simu ile asipoikumbuka mchanga ule, wala mchanga ule haupati maana yake kamili mpaka simu ipigwe.

Sehemu iliyo nzito kuliko zote inahusu mavazi. Winston amepewa nafasi ya Antigone. Anavaa nywele za bandia na matiti ya bandia, na John anacheka mpaka anakaribia kuanguka. Winston anavua vyote na kukataa, kwa kuwa anajua kwamba wafungwa na askari watamcheka vivyo hivyo. Mwanafunzi mzuri hapa huandika kuhusu uanaume na fedheha, na hakosei. Lakini jambo la jukwaani ni gumu zaidi: watazamaji wa ukumbini nao wamecheka. Wamefanya lilelile ambalo Winston aliliogopa, na wamelifanya kwa furaha. Baadaye John anapata habari kwamba kifungo chake kimepunguzwa, amebakiwa na miezi 3, ilhali Winston ni wa maisha. Winston anamweleza habari za mzee aliyevunja mawe miaka mingi mpaka yeye mwenyewe amekuwa kama jiwe. Kisha onyesho la wafungwa linafika, na Winston anatoka na nywele zilezile na matiti yaleyale. Hakuna anayecheka. Vazi halikubadilika, mwili haukubadilika. Aliyebadilishwa ni mtazamaji. Na Winston anapolivua vazi la Antigone mbele ya watu na kusema kwa jina lake mwenyewe, kuvua kule hakuhitaji maelezo. Kisha wanafungwa pingu tena. Wanakimbia tena. King'ora kinalia, na taa zinazimwa.

Mhakiki wa Kiswahili hana sababu ya kudhani kwamba nadharia ya mambo haya lazima iagizwe kutoka Paris au Poland. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho cha mwaka 1976, walikwisha kuichukua sanaa ya maonyesho kama kitu kinachotendeka: walidai pawe na dhana, mtendaji, uwanja na watazamaji, na hawakuifanya karatasi kuwa sharti. Ajabu ni kwamba kitabu hicho hunukuliwa sana kwenye utangulizi wa insha za wanafunzi, kisha insha yenyewe huendelea kana kwamba hakikusomwa.

Lakini kuna kosa la upande wa pili ambalo nalo linahitaji kuzuiwa. Ni rahisi kusema kwamba Waafrika walikuwa na tamthilia ya mwili tangu jadi, kwa kuwa walikuwa na ngoma, jando na majigambo, na kwamba kwa hiyo hakuna jipya. Kauli hiyo hupendeza mikutanoni, na humwepusha msemaji na kazi ya kutazama. Mcheza ngoma ya mavuno hamwigi mcheza ngoma, anacheza. Mwenye kujigamba mbele ya mtawala wake anajigamba kwa matendo yake mwenyewe, na hatari ya kuaibika ni yake. Jukwaani mtu huazima mwili wake kwa mwingine. Ufundi wa ngoma unaweza kuingia katika uazimaji huo na kuutajirisha, lakini kwa kulipa kodi fulani. Na mwelekezi anayepachika ngoma katikati ya tamthilia ili wageni wafurahi hajaulipa.

Kamiriithu wanastahili kutajwa hapa, kwa kuwa pale jambo hili lilifanyika kwa uangalifu. Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilitayarishwa mwaka 1977 kwa mazoezi ya hadharani, katika uwanja wazi uliojengwa na wanakijiji wenyewe wa Limuru. Wafanyakazi wa viwandani na wa mashamba waliotazama mazoezi hayo walisahihisha. Wazee nao walisahihisha namna sherehe zinavyofanywa na nyimbo zinavyoimbwa. Yaani watazamaji waliuhakiki mwili kabla ya wasomi, na kwa kipimo kikali kuliko cha wasomi: je, mtu aliyeifanya kazi hii husimama hivyo? Onyesho lilipigwa marufuku mwezi wa Novemba mwaka uleule. Maitũ Njugĩra, iliyofuata, iliegemea zaidi nyimbo, ngoma na maigizo bubu. Mazoezi yake yaliyofanyika katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1982 yalitazamwa na umati, kisha nafasi ya kuionyesha katika ukumbi wa taifa ikanyimwa, na mwezi wa Machi uwanja wa Kamiriithu ukabomolewa. Wakuu waliotoa amri hizo walielewa nguvu ya miili iliyokusanyika kuliko vitabu vingi vya uhakiki vya wakati ule.

Turudi kwa mwanafunzi na sentensi yake tupu. Anapoandika kwamba mwigizaji alitumia lugha ya mwili, hakosi hisia, amekosa vitenzi. Na hili ni jambo la idara ya lugha hasa, kwa sababu Kiswahili hakikosi vitenzi hivyo. Mtu hutembea, lakini pia hunyata, hujikongoja, huchechemea, hupepesuka, hudemadema, hujikokota, hutambaa. Huketi, lakini pia huchutama, hujikunyata, hujibwaga, hupiga magoti, hujiinamia. Hupumua, na pia huhema, hutweta, huguna, hushusha pumzi. Kila kimojawapo cha vitenzi hivi ni uamuzi wa mwigizaji uliokwisha kupewa jina na watu walioangaliana kwa karne nyingi. Kujikunyata kuna baridi au woga ndani yake. Kujiinamia kuna fikira au haya. Hakuna anayeweza kuvibadilishana bila kuibadilisha tamthilia. Insha inayosema kwamba Winston alijikokota hadi kwenye fungu lake, akasimama akitweta, kisha akalichota fungu alilomwagiwa bila kumtazama John, imekwisha kuhakiki, hata kabla ya kutaja utawala wa makaburu. Inaweza kupingwa. Mwanafunzi mwingine aliyekuwapo anaweza kusema kwamba alimtazama, na ubishi huo ukawa na faida. Kauli ya kwamba mwili ulitumiwa kwa ustadi haipingiki, na ndiyo maana haifai kitu.

Ubishi wa namna hiyo unawezekana pia juu ya vitabu ambavyo mwanafunzi anavyo mkobani. Mashetani ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1971, imefasiriwa mara nyingi kwa kutafuta kila mhusika anawakilisha tabaka gani na Shetani ni ukoloni wa aina gani. Wachache wanaojiuliza maana ya kwamba Shetani na Binadamu ni mchezo unaochezwa na vijana wawili, Juma na Kitaru, marafiki wanaojuana, wenye miili ya vijana. Mchezo huo ukichezwa na watu wanaojua kucheza, urafiki wao utaonekana ndani ya vitisho vyao, na kuvunjika kwake baadaye kutauma. Ukichezwa kama mahubiri, fumbo linabaki na vijana wanapotea.

Kinjeketile, ya mwaka 1969, ina swali gumu zaidi. Kinjeketile anavutwa na nguvu isiyoonekana hadi mtoni, anazama, na siku ya pili anatoka akiwa mkavu. Katika masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na Gwassa na Iliffe na kuchapishwa mwaka 1968, waliojua kupiga mbizi walimfuata majini wasimwone. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na imani yote iliyobebwa na vita hivyo, vinategemea nguo ambazo hazikulowa. Madarasani jambo hilo hupitwa upesi, likiitwa muujiza au mbinu ya kuunganisha watu. Lakini jukwaani hamna mto. Mwigizaji anayetoka mahali ambapo hapana maji ni mkavu kama walivyo wakavu wote ukumbini, na ukavu wake hauonekani. Mwelekezi anayetaka uonekane itambidi amloweshe mtu mwingine: mpiga mbizi mmoja wa kijijini, arudi mikono mitupu, ajikunyate ukingoni na nguo zimemgandama, akitetemeka na kuchuruzika maji tangu Kinjeketile alipozama mpaka atakapotoka, ili watu wamtazame huyu kwanza, kisha wamtazame yule.